Harambee ya Chumba cha Sanaa: Ombi kwa Wazazi na Marafiki wa Shule Yetu

Kwa wazazi, walimu, wanafunzi wa zamani na marafiki wote wa shule,

Penye makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway jijini Nairobi, kando ya mnara wa Nyayo House, pana jengo la mawe lisilo na ghorofa, lililojengwa mwaka 1913, ambalo wengi wetu tumelipita mara nyingi ndani ya matatu bila kuligeukia. Lilikuwa ofisi ya Mkuu wa Mkoa. Humo ndimo watu walimoandikisha watoto waliozaliwa, ndoa zilizofungwa na vifo vya jamaa zao, hata likapewa kwa Kiingereza jina la utani lenye maana ya kuzaliwa, kuoana na kuaga dunia. Na hapo ndipo ulipoanza kupimwa umbali wa kutoka Nairobi hadi miji mingine ya nchi.

Leo jengo hilo ni Nairobi Gallery, chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, nalo linalindwa kisheria kama turathi ya taifa. Kiwanja chake kingeweza kubeba mnara mwingine, na kwa maoni yetu uamuzi wa kuyaacha mawe yale yasimame ni jambo kubwa kuliko maonyesho yoyote yaliyowahi kufanyika ndani yake, kwa sababu vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya meza za makarani na madaftari ya serikali ya kikoloni sasa vimepokea kazi za mikono ya Waafrika.

Sehemu kubwa ya kazi hizo ilikusanywa na Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, pamoja na mkewe Sheila. Murumbi alikaa katika wadhifa huo kwa muda mfupi tu, mwaka 1966, lakini kukusanya sanaa, vitabu, stempu, nguo na mapambo hakuacha, na mwaka 1972 yeye na Alan Donovan, Mmarekani mpenda sanaa ya Afrika, walianzisha jumba la sanaa la African Heritage. Hazina yake nyingine imo katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, ambayo nayo ni jengo la zamani la benki. Ofisi moja na benki moja: hakuna hata moja kati ya hizo iliyojengwa kwa ajili ya sanaa.

Ndiyo maana tunawaandikia. Nyuma ya madarasa yetu ipo stoo ya mawe iliyojengwa na wazazi waliotutangulia, ambayo kwa sasa imejaa madawati yaliyovunjika. Kuta zake ni imara. Paa linavuja, madirisha hayana vioo, na sakafu imepasuka. Tunataka kuifanya chumba cha sanaa ambamo michoro, vyungu na vikapu vya watoto wetu vitawekwa kwa heshima, badala ya kutupwa kila muhula unapofungwa. Kabla ya kazi kuanza, tunataka wanafunzi wa chama cha sanaa wapelekwe Nairobi Gallery, wakae humo siku nzima na penseli na karatasi, wachore milango, madirisha na jinsi mwanga unavyoingia, kisha warudi watusaidie kuamua stoo yetu ipangwe vipi.

Lengo letu ni shilingi 180,000, zitakazolipia basi, ada za kuingia, vifaa vya kuchorea, mabati, vioo, saruji na taa. Mwenye mabati au mbao zilizobaki kwenye ujenzi wake, tafadhali atuletee. Fundi atakayetoa siku moja ya kazi atakuwa amechanga sawa na mwenye fedha. Michango itapokelewa na mweka hazina wa kamati ya wazazi, kila mchangaji atapewa risiti, na hesabu zote zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo ya shule.

Harambee yenyewe itafanyika siku ya mkutano wa wazazi wa kufunga muhula, baada ya hotuba ya mwalimu mkuu. Stoo itakuwa wazi tangu asubuhi, ili kila mmoja aingie ajionee.