Tajiri, turuhusu tushike spana

Ndugu Mhariri,

Katika ukurasa huu nimesoma barua kadhaa za wananchi wanaotulalamikia sisi waendesha bodaboda kwamba tunapakia abiria kwenye vyombo vibovu: cheni inagonga, breki haishiki, silensa inatoa moshi wa bluu. Hayo ni kweli, sibishi. Ninachobishia ni sababu inayotolewa kila mara, kwamba vijana hawa ni wavivu, hawana uchungu na chombo, kazi yao kupiga honi tu. Naomba nafasi nieleze yanayotokea kijiweni, maana mimi naendesha njia ya Sangasanga kwenda Mgeta, napandisha watu na mbolea, nashusha mboga za Nyandira.

Anayeijua njia ile haambiwi. Ukiacha lami ya Barabara ya Iringa unaanza kuipanda milima ya Uluguru, kona juu ya kona, na mvua ikinyesha ni utelezi mtupu. Lakini kupanda si tatizo. Pikipiki inakwisha wakati wa kushuka, ukiwa na magunia ya karoti na kabichi nyuma. Dereva mwenye akili anashuka na gia ya pili ili injini imshikie mwendo, breki anaigusa kwa vituo. Hata huyo, dramu ya nyuma inapata moto mpaka harufu inamfikia puani, na brekishuu zake zinaisha mapema kuliko za mwenzake anayezunguka Msamvu kwenye lami.

Kujua kwamba brekishuu zimeisha hakuhitaji fundi. Pikipiki nyingi zenye breki za dramu zina mshale mdogo kwenye mkono wa breki pale gurudumuni, na alama kwenye kifuniko cha dramu. Kanyaga breki, angalia. Mshale ukifika kwenye alama, nunua brekishuu mpya, basi. Nikiwaonyesha madereva wenzangu mshale huo, wengi wanashangaa, kumbe wanaendesha chombo hichohicho mwaka wa pili sasa. Hakuna aliyewahi kuwaambia. Chuo cha udereva kilifundisha alama za barabarani, kikaishia hapo. Na kile kitabu kinachokuja na pikipiki mpya, pamoja na kimfuko chake cha spana, havijawahi kufika mikononi mwa dereva. Viko kwa tajiri, kabatini.

Hapo kwa tajiri ndipo penyewe. Wasomaji wengi hawajui kwamba pikipiki wanayoipanda si ya kijana anayeiendesha. Ni ya mtu aliyempa kwa mkataba: leta hesabu ya shilingi 10,000 kila siku kwa mwaka na zaidi, ukimaliza chombo ni chako. Gharama za matengenezo madogo ni juu ya dereva. Ukipumzika siku moja kufanya sevisi, hesabu haipumziki. Kwa hiyo dereva akisikia mlio mpya kwenye injini, swali la kwanza kichwani mwake ni kama utavumilia mpaka jioni. Jioni ikifika anauliza kama utavumilia mpaka Jumapili.

Ungedhani basi dereva wa mkataba atajifunza kujitengenezea mwenyewe ili aokoe hela ya fundi. Wapo waliojaribu, na huko ndiko kwenye kidonda ambacho barua za walalamikaji haziwezi kukiona. Tajiri akikukuta umekaa chini, umefungua kifuniko cha plagi, anakuuliza nani kakuruhusu. Anahofia unamchomolea kabureta ya kiwandani unauza, unamfungia kuukuu. Hofu hiyo haikuzuka tu, wapo waliofanya hivyo. Matokeo yake mikataba mingi, ya kuandikwa na ya mdomo, ina sharti moja: ikiharibika ipeleke kwa fundi fulani, usifungue chochote. Mtu anayehesabiwa kuwa mwizi akishika spana, mwisho hataishika. Ataendesha tu, na chombo kikifa kitakuwa kimefia mikononi mwa mwenye nacho.

Nimeona kijana akikemewa mbele ya abiria kwa kukaza cheni. Kukaza cheni, Mhariri! Kazi ya spana mbili na dakika kumi. Unalegeza nati ya ekseli ya nyuma, unazungusha skrubu za kurekebishia kidogokidogo, kulia sawa na kushoto kwa kufuata mistari iliyochongwa ubavuni, mpaka cheni icheze kama sentimita mbili hadi tatu pale katikati. Ukiibana kabisa, siku utakayopakia gunia la viazi itavuta mpaka beringi zilie. Ukiiacha inaning'inia, itaruka sproketi, ile sahani yake ya meno, mlimani, na mlimani si mahali pa cheni kuruka.

Halafu kuna fundi wa kijiweni, na huyu sitaki nimwonee. Fundi ndiye benki yetu. Brekishuu anakufungia leo unalipa keshokutwa, tyubu anakuziba kwa mali kauli. Sasa dereva akianza kumwaga oili mwenyewe na kusafisha plagi mwenyewe, kijiweni anaonekana anajitenga, anamnyima mwenzake riziki. Nimewahi kuambiwa kwa utani, lakini utani wenye mwiba: "Wewe siku hizi injinia, ukikwama Mgeta usinipigie." Niliendelea kumpelekea kazi kubwa, na urafiki upo. Kusema kweli fundi mzuri anafurahi ukimletea injini ambayo haijaungua. Anayechukia ni yule wa nyundo na patasi, anayelegeza nati kwa kuipiga mpaka inakuwa duara, kisha anakudai hela ya nati mpya.

Na woga nao upo, tusifichane. Kuna madereva wanaopita Uluguru usiku wa ukungu bila wasiwasi, lakini mpe bisibisi uone mkono unavyotetemeka. Anaogopa kubaki na bolti moja mkononi baada ya kufunga kila kitu. Anaogopa kuchekwa. Wengine wanaona kazi ya oili ni ya mafundi, wao ni watu wa abiria, na abiria hataki dereva mwenye kucha nyeusi anayenuka petroli. Hilo nalielewa. Dada aliyevaa nguo ya kwenda harusini hapandi kwa mtu aliyepakaa grisi.

Lakini mfuate dereva yuleyule siku anayomaliza mkataba. Kadi ikishabadilishwa jina, utamkuta asubuhi na mapema amepiga stendi ya kati, brashi mkononi, anasugua cheni kwa mafuta ya taa. Zamani alikuwa anaimiminia oili chafu juu ya vumbi, tope likawa linaila kama msasa. Sasa anaisafisha kwanza, anaikausha, ndipo anaipaka oili. Anafungua eaklina, kichujio cha hewa ya injini, kukung'uta vumbi. Anainamisha sikio kwenye injini ikiwa baridi, kusikiliza kama tapeti, vile vyuma vinavyosukuma valvu, zinagonga. Ukimpa pole ya kazi anakujibu kwa maringo: hii sasa ni yangu. Na ukipanda pikipiki hiyo utaijua hata ukiwa umefumba macho. Mtu ni yuleyule.

Niongeze jambo moja linalonisumbua, maana napenda kusoma habari za injini. Mwaka 1976 Honda walitoa pikipiki ya CG125. Walikuwa wamegundua kwamba katika nchi zinazoendelea pikipiki zinabebeshwa mizigo mizito na oili haibadilishwi inavyotakiwa, injini zinakufa mapema. Badala ya kutulaumu wakabuni injini inayovumilia: valvu zake zinasukumwa na fimbo, hakuna cheni ndefu ya ndani inayotegemea oili safi ifike mpaka juu kichwani. Viwanda vya China vikaiiga injini hiyo, na ndiyo iliyokuwa kwenye pikipiki nyingi za Kichina zilizotufikia bodaboda zilipoanza kushamiri. Mimi nadhani zilituzoesha vibaya. Boxer na TVS nyingi tunazoendesha siku hizi zina cheni ya ndani inayozungusha kamshafti, shafti ya kufungua valvu, iliyo juu kichwani, zinataka oili ibadilishwe kwa wakati. Sisi bado tunazitunza kwa mazoea ya ile ya fimbo: oili ikipungua ongeza, ikiwa nyeusi funga macho. Moshi wa bluu ambao wasomaji wako wanaulalamikia ni oili inayoungua ndani ya silinda, mara nyingi kwa sababu ringi zimelika. Lita moja ya oili kwa wakati ingeziokoa.

Sheria nayo inamfuata asiye na sauti. Askari akikamata chombo kibovu, anayelipa ni aliyekikalia. Tulishukuru bajeti ya mwaka 2021/22 iliposhusha faini ya bodaboda kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Lakini piga hesabu: 10,000 ndiyo hesabu ya siku. Dereva analipa faini kwa breki ambazo amekatazwa kuzifungua, na jioni tajiri anataka yake kamili. Sijawahi kuona tajiri akiitwa barabarani kueleza kwa nini chombo chake hakina breki.

Ninachoomba hakihitaji fedha ya serikali. Matajiri waandike kwenye mkataba kwamba kila mwezi kuna siku moja isiyo na hesabu, siku ya sevisi, na wao wenyewe waje wakae pale kijiweni waone kinachofunguliwa na kinachofungwa. Anayehofia kuibiwa kabureta aandike namba zake, azipige picha kwa simu, ampe dereva spana zake pamoja na kile kitabu. Kazi ndogo ziruhusiwe kwa dereva: cheni, plagi, oili, eaklina, waya wa klachi, kukaza breki. Injini ikihitaji kuvunjwa aende kwa fundi. Hapo kwenye mpaka huo hata mimi sibishani na tajiri.

Vyama vyetu vya bodaboda navyo, vinavyotuchangisha kila wiki kwa ajili ya misiba na wagonjwa, vinaweza kununua seti moja ya spana nzuri kwa kila kijiwe. Spana za bei chee zinaharibu nati kuliko kutu. Na vyuo vya udereva vinavyochukua hela zetu viongeze asubuhi moja ya kumwaga oili na kukagua brekishuu. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana walimu wa ufundi huo, na wana utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini, kwa hiyo hata fundi wetu wa chini ya mwembe anaweza kupata cheti akawa ndiye mwalimu.

Kwa abiria nina ombi dogo. Kabla hujapanda, mwambie dereva akanyage breki, uangalie kama taa ya nyuma inawaka, na uitazame cheni. Ukiona inaning'inia, usimtukane. Muulize pikipiki ni ya nani.

Mwendesha bodaboda,
Sangasanga, Morogoro