Barua kwa mwanangu: kutoka chuo cha jamii hadi Chuo Kikuu cha California (UC)

Mwanangu mpendwa,

Sisi nyumbani hatujambo. Umesema utaanzia chuo cha jamii hapo San Diego, kisha baada ya miaka miwili uhamie UCLA au Berkeley, kampasi za UC, kusomea biolojia. Nimefurahi, njia hiyo ni nzuri na ada yake nafuu. Lakini wengi hukwama mahali pamoja: wanahesabu krediti, wanasahau kuangalia ni krediti za kozi gani.

UC inadai krediti 60 za mihula ili uingie mwaka wa tatu. Ndani yake kuna kozi saba za lazima: mbili za uandishi wa Kiingereza, moja ya hisabati, na nne kutoka angalau nyanja mbili, kama sayansi na sanaa. Kwa mkazi wa California wastani wa chini wa alama ni 2.4 kati ya 4. Huo usikudanganye. Unakuruhusu kuomba tu. Wanaochukuliwa UCLA na Berkeley wako juu zaidi.

Sasa kozi za msingi za fani yako, hapo ndipo penye kazi. Fungua tovuti ya ASSIST, chagua chuo chako, kampasi unayoitaka na fani. Upande mmoja utaona kozi ya UC, upande wa pili kozi ya chuo chako inayolingana nayo. Pakiandikwa kwamba hakuna inayolingana, tazama chuo jirani, maana unaweza kuisoma huko. Pitia kila kampasi peke yake. Kozi inayotosha UCLA huenda isitoshe Berkeley.

Tazama kemia. Unaanza na kemia ya jumla ya kwanza, halafu ya pili, ndipo kemia ogania ya kwanza na ya pili. Huwezi kusoma inayofuata kabla hujafaulu iliyotangulia, kwa hiyo ni mihula minne mfululizo, na wewe unayo minne tu. Ukiiacha ya kwanza hadi muhula wa pili kwa sababu darasa limejaa, utamaliza miaka miwili bado unadaiwa ogania. Darasa la kiangazi baada ya mwaka wa kwanza linaweza kukuokoa. La kiangazi kabla tu ya kuhamia usilitegemee, kwani kozi za lazima ziwe zimekwisha ifikapo mwisho wa muhula wa machipuko. Sajili kemia siku ile ile usajili unapofunguliwa kwako, mengine yafuate.

Kozi ikikushinda, ongea na mwalimu mapema, na ikibidi ujitoe kabla ya tarehe ya mwisho ili upate W (umejitoa) badala ya F (umefeli). Ukipata D au F unaweza kurudia. Ukipata C, UC haitahesabu marudio ya kupandisha wastani, basi pigania B tangu wiki ya kwanza.

Jiwekee pia kampasi ya akiba. Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz hutoa ahadi ya kukupokea ukitimiza masharti yao, ingawa si kwa kila fani. Inaitwa TAG, unachagua kampasi moja na kuomba kati ya Septemba 1 na 30. UCLA, Berkeley na UC San Diego hawamo.

Ombi lenyewe hutumwa kuanzia Oktoba hadi mwisho wa Novemba, dola 80 kwa kila kampasi. Kipato cha familia kikiwa kidogo unaweza kusamehewa hadi kampasi nne. Hakuna mtihani wa SAT wala barua za kupendekezwa. Kuna majibu manne, kila moja lisizidi maneno 350, na moja la lazima linauliza ulivyojiandaa kwa fani yako. Hapo taja maabara na kozi, usijaze maneno matamu. Orodhesha kila chuo ulichosoma, hata kozi uliyofeli, hata chuo cha nje ya Marekani.

Januari utaombwa kuongeza matokeo mapya. Usipofanya, ombi lako linabaki pungufu. Ukikubaliwa, thibitisha kabla ya Juni 1. Usiache kozi yoyote uliyowaambia utaisoma bila kuwaarifu, kwa sababu nafasi hufutwa kwa hilo hata baada ya barua ya kukubaliwa.

Nitumie ukurasa wa ASSIST wa kampasi zote mbili kabla hujasajili muhula wa kwanza, tuupitie pamoja kwa simu.

Mama yako