Mama yangu si panya wa maabara

Ndugu Mhariri,

Miaka 19 nalisoma gazeti hili na sijawahi kukuandikia. Leo imenibidi.

Ile habari yenu ya kufunga siku 3 ili "seli zijile zenyewe na uzee urudi nyuma" unaikumbuka. Mama yangu, mwenye miaka 71 na kisukari, aliikata kwa mkasi, akaikunja na kuitia kwenye kasha lake la miwani. Siku ya pili nilimkuta ameketi sakafuni, mgongo umeegemea mlango wa chumba chake, jasho linamchuruzika shingoni, mikono inatetemeka. Jina langu lilimpotea. Nikamtoboa kidole: sukari 2.4, chini mno. Vidonge vya kushusha sukari alikuwa amevimeza asubuhi kama kawaida, tumboni hamna kitu. Nilipomnywesha maji ya sukari akarudiwa na fahamu, neno lake la kwanza lilikuwa: "Ungeniacha mwanangu, seli zilikuwa zinajisafisha."

Sayansi yenyewe siikatai. Mwanasayansi Mbelgiji Christian de Duve aliipa kazi hiyo ya seli kujila jina la otofaji mwaka 1963. Seli huvizungushia utando vipande vyake vilivyochakaa na protini zilizoharibika, ikavipeleka kwenye laisosomu, kifuko cha kumeng'enyea taka ndani ya seli, na huko vimeng'enya huvivunjavunja vitumike upya. Yoshinori Ohsumi wa Japani alizitambua jeni zake kwa kuchunguza hamira, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2016. Umri ukienda, kazi hii huzorota, na seli za neva ndizo huumia zaidi: hazigawanyiki, kwa hiyo uchafu wake hubaki nazo. Mwaka 2006 watafiti walizima jeni hizo katika ubongo wa panya. Protini zikarundikana na panya wakapoteza uwezo wa kutembea sawasawa. Baba yangu alikufa na ugonjwa wa Parkinson, unaoua seli za neva za ubongo. Mngeeleza hayo tu, ningewashukuru.

Lakini mwandishi wenu alitoka kwa panya akaingia moja kwa moja jikoni kwa wazee wetu. Panya akinyimwa chakula siku moja hupungua uzito kwa kiasi kikubwa. Saa zake 24 si saa 24 za mtu. Mkaandika kwamba usafi wa seli "huanza saa ya 16" ya kufunga. Nani alipima? Hakuna kipimo cha kawaida cha hospitali kinachoonyesha otofaji imepanda kiasi gani katika ubongo wa mtu aliye hai. Saratani nayo hamkuigusa, ilhali uvimbe ukishaota, seli zake zinaweza kuitumia otofaji hiyohiyo kustahimili njaa, na ndiyo sababu madaktari wamejaribu haidroksiklorokwini, dawa ya malaria, ili kuizuia. Mstari mmoja wa kuwaonya wanaotumia dawa za kisukari ulikosa nafasi, na picha ya mwanamke anayecheka ikapewa nusu ukurasa! Mzee anayewaamini hasomi kama mtafiti. Anasoma kama mtu anayeogopa kusahau majina ya wanawe, na nyinyi mkamwambia dawa ya hofu hiyo ni njaa.

Na hao wanaochapisha karatasi za maelezo ndani ya boksi za dawa wanisikie pia. Onyo la kutomeza vidonge vile bila kula limo humo. Nililipata usiku ule kwa tochi ya simu, nimeinama, na macho yangu bado ni mazima. Kwa mama maandishi yale ni mchanga uliomwagwa kwenye karatasi.

Naomba kila habari ya afya ianze na neno moja kwa herufi nene: HAMIRA, MNYOO, PANYA au BINADAMU, kulingana na kiumbe aliyefanyiwa utafiti. Na sahihisho la habari ile litoke kwenye ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule, likiwataja wenye kisukari katika sentensi ya kwanza. Msiliweke nyuma ya ukurasa wenye tangazo analolihifadhi mtu mwingine nyumbani. Mama atataka kulikata.

Msomaji wenu wa siku nyingi