Barua ya wazi kwa mdogo wangu wa Arusha: magamba ya kichwani yakivuka mwaka, usitafute tena mafuta

Mpendwa mdogo wangu,

Picha uliyonitumia juzi usiku nimeikuza kwenye simu mpaka nikaona nywele mojamoja. Nimeyaona magamba ya manjano yaliyoganda utosini mwa mwanao, na nimeona pia sehemu moja nyuma ya sikio ambapo nywele zimepungua, ingawa wewe hukuitaja. Uliniuliza jambo moja tu: ni mafuta gani yanayoondoa magamba hayo, maana ya nazi na ya nyonyo yote yameshindwa. Nakujibu hadharani, kwa ridhaa yako, kwa kuwa akina mama wengi hapa Moshi wameshaniuliza hilohilo, na kwa kuwa naamini mtoto aliyetimiza miaka miwili anahitaji tuulize swali jingine kabisa.

Alipokuwa na miezi miwili, utando ule wa magamba ulikuwa jambo la kawaida. Homoni za mama alizozaliwa nazo mtoto huchochea tezi za mafuta za kichwani kutoa mafuta mengi, na katika mafuta hayo hustawi fangasi wadogo waitwao Malassezia, ambao huishi kwenye ngozi ya kila mmoja wetu. Ngozi hukereka, seli zilizokufa hushikamana badala ya kupukutika, na gamba huganda. Haliumi, haliwashi sana, haliambukizi, wala si dalili ya uchafu wa mama, hata kama majirani wanaliita uchafu wa utosini. Kwa watoto wengi huisha lenyewe kabla ya kutimiza mwaka, kwa sababu homoni zile huwa zimekwisha mwilini na tezi za mafuta hutulia mpaka wakati wa balehe.

Naomba uisome tena sentensi hiyo ya mwisho, maana ndiyo iliyonifanya nikuandikie. Ikiwa tezi zimetulia, mafuta ya kulisha magamba kwa miaka miwili yanatoka wapi? Wapo watoto wachache ambao utando huo huchelewa kuondoka, lakini kwa mtoto wa umri huo, mwenye magamba yasiyokoma na nywele zinazokatika, la kwanza kushuku ni mapunye, na la pili ni pumu ya ngozi. Mapunye hayaji siku zote kama ile duara yenye upara tunayoijua tangu shuleni. Mara nyingi hujificha, yakafanana na mba tu, unga mweupe au magamba yaliyotawanyika kichwa kizima, na mama akaendelea kupaka mafuta kwa miezi.

Mimi nilipaka kwa miezi saba. Mwanangu wa kwanza, ambaye sasa yuko darasa la tano, alikuwa na kichwa kama hicho, nami jioni moja nilimkalisha kwenye kigoda uani nikaanza kuyabandua magamba kwa jino la kitana. Gamba la kwanza lilitoka zima, likiwa na nywele sita au saba zimesimama juu yake, na chini yake nikaona ngozi nyekundu yenye kitone cha damu. Niliendelea. Baada ya siku tatu pakawa na usaha, nami nikaenda katika duka la dawa ambako nilipewa krimu ya mchanganyiko, ndani yake mna steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza wekundu na uvimbe, pamoja na dawa ya fangasi na ya bakteria. Wekundu ulipungua kwa wiki moja, nikashukuru. Nilipoacha kuipaka, ugonjwa ulirudi na kuenea mpaka kisogoni, kwa sababu steroidi ilikuwa imeificha hali ile bila kuiponya. Mtoto alilia kila nilipomvua kofia. Kilio hicho nakikumbuka mpaka leo, na ndicho kinachonifanya nikusihi uiache mikono yako mbali na magamba hayo.

Jibu nililipata katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, hospitali kubwa ya hapa Moshi, kile cha kanda kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Daktari hakuuliza nilikuwa napaka mafuta gani. Alipapasa kwanza kisogo cha mtoto, chini ya nywele, akanishikisha kidole changu kwenye vitezi viwili vilivyovimba kama punje za maharage, akaniambia kwamba mba wa kawaida haufanyi hivyo. Kisha akakwangua magamba kidogo pamoja na vishina vya nywele vilivyokatikia kwenye ngozi, vinavyoonekana kama vitone vyeusi, akavidondoshea dawa kwenye kioo na kuvipeleka kwenye hadubini. Yalikuwa mapunye. Fangasi wa mapunye huingia ndani ya unywele wenyewe, kwa hiyo hakuna mafuta wala krimu itakayowafikia. Dawa ni ya kumeza, kwetu mara nyingi griseofulvini, inayopimwa kwa uzito wa mtoto, hutolewa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa ili ifyonzwe vizuri, na huchukua wiki sita hadi nane au zaidi. Tuliambiwa pia tuwatazame watoto wengine nyumbani, na kweli kaka yake mkubwa wa kwa shangazi, aliyekuwa akinyolewa kwa mashine ileile, alikuwa nayo.

Sisemi kwamba mwanao ana mapunye. Huenda ni pumu ya ngozi, na hasa ukiona anajikuna usiku, na ngozi ya viwiko na nyuma ya magoti imekauka. Huenda pia ni utando uleule wa utotoni uliokawia, na hapo matibabu ni mepesi: mafuta ya mgando kidogo yaachwe robo saa yalainishe magamba, brashi laini ya mtoto izungushwe polepole, kisha kichwa kioshwe kwa shampuu nyepesi mpaka mafuta yote yatoke, maana Malassezia hula mafuta, na ya zeituni yanayosifiwa sana yakikaa kichwani kutwa huwalisha. Yasipokoma, daktari huweza kuongeza shampuu ya ketokonazoli, dawa ya fangasi, mara mbili kwa wiki, au haidrokotizoni, steroidi hafifu, ya asilimia 1 kwa siku chache ikiwa ngozi imewaka. Dawa za mba za watu wazima zenye asidi ya salisiliki usimtumie, kwani ngozi ya mtoto huifyonza dawa hiyo kwa wingi.

Kuhusu mama mkwe wako anayekataza utosi usiguswe, mheshimu, lakini mweleze kwa upole kwamba utosi wa watoto wengi hufunga kati ya mwezi wa 12 na wa 18, na kwamba hata ule ulio wazi haudhuriki kwa kuoshwa kwa kiganja. Na najua Julai ya Arusha ina baridi na manyunyu, ila ile kofia ya sufu anayoivaa asubuhi mpaka usiku ivuliwe ndani ya nyumba, ioshwe, na asivalishwe mtoto mwingine.

Usiku huu, akishalala, mpapase kisogoni na nyuma ya masikio uniambie umekuta nini. Ukikuta uvimbe laini unaobonyea na kutoa usaha, au akipata homa, usingoje niwe nawe. Mpeleke hospitali iliyo karibu nawe kesho asubuhi. Ikiwa hakuna hayo, panda basi Jumatatu, nitawapokea stendi, na Jumanne tutakwenda pamoja. Tangu leo usimpake kitu chochote kichwani, wala usimnyoe, ili daktari apate magamba ya kukwangua.

Dada yako,
Moshi