Mjomba, milima ya Masasi si volkano

Shikamoo mjomba,

Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo ulilosema wanalisema wengi kusini mwa Tanzania: kwamba hii milima ya mawe ya Masasi ni volkano zilizozimika. Hapana, mjomba. Haya ni mawe yaliyobanwa.

Chukua pande moja kabla hujaliponda kokoto, ulimwagie maji. Utaona mistari myeupe na myeusi imekwenda sambamba, mara inajipinda, inarudi, inajikunja tena. Jiwe hilohilo linalokuvunjia mpini wa nyundo liliwahi kujikunja kama mkeka uliosukumwa ukutani. Mwamba haulegei hivyo juu ya ardhi. Ulikuwa chini makumi ya kilomita, kwenye joto la nyuzi mia kadhaa.

Kilichousukuma ni mabara. Kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, vipande vya mabara ya kale viligongana upande wetu huu, na bahari iliyokuwa katikati ikafungwa. Wanajiolojia wanaita eneo lililobanwa Ukanda wa Msumbiji. Linapita kwetu na Kenya, likipanda kaskazini. Bara ni jepesi, halizami kirahisi. Likigongwa linajikunja, vipande vinapandana, ganda la dunia linanenepa: juu inainuka milima, chini inashuka mizizi yake.

Kazi hiyo leo inaendelea Himalaya. Bara Hindi lilianza kuigonga Asia kama miaka milioni 50 iliyopita, na bado linasogea sentimeta 4 hadi 5 kwa mwaka. Chini ya Tibet, kaskazini mwa Himalaya, ganda limefikia unene wa kilomita 70 hivi, karibu maradufu ya kawaida. Kileleni Everest kuna mawe ya chokaa yenye mabaki ya viumbe wa baharini! Tibet nayo, kwa kubanwa, inasukumwa pia kuelekea mashariki. Tetemeko la Nepal la Aprili 2015, lililoua watu karibu 9,000, lilitokana na msukumo huohuo.

Kwetu mgongano ulikwisha zamani. Mvua na mito ikaikwangua milima, na kila mzigo wa juu ulipopungua, mizizi ikapanda. Hapo unapopondea kokoto, mjomba, ni kwenye mizizi.

Hata kinywe (grafiti) cha Ruangwa, yale madini meusi yanayoteleza na kuchafua vidole, ni zao la mgongano huo. Kilikuwa tope la bahari lenye mabaki ya viumbe. Likazikwa, likapikwa, kaboni yake ikawa kinywe. Inaniuma kuona watoto wetu wanakariri Himalaya kwenye atlasi na hakuna anayewapeleka kwenye miamba iliyo nyuma ya shule.

Ndiyo maana nakuomba: lile pande kubwa lenye mikunjo, lililo kando ya njia, msilipasue. Likizo ya Juni nitakuja na wapwa zako wote tulitazame, na ningependa wewe ndiye uwaelezee.