Si kila "nanihii" ni uzee

Mhariri,

Mtu mzima akianza kusema "nanihii" badala ya kikombe, ufunguo na jina la mwanawe, nyumbani huchekwa. Akiacha kuoga na kujali, huitwa jeuri au hutafutiwa mganga. Ni kweli si kila usahaulifu ni uvimbe wa ubongo. Mara nyingi si uvimbe. Lakini wanaosubiri kwanza maumivu ya kichwa wanakosea, maana maneno yanaweza kupotea kabla ya maumivu yoyote.

Dalili hutegemea uvimbe ulipoota. Kwa walio wengi lugha iko upande wa kushoto wa ubongo. Kushoto mbele, mgonjwa anaelewa asemwalo ila maneno humtoka moja moja, kwa taabu. Kushoto ubavuni, usawa wa sikio, anatiririka vizuri tu lakini haeleweki, na mwenyewe haoni kosa. Ndani zaidi ya ubavu huo kumbukumbu mpya hazishiki: harusi yake ya mwaka 1985 anaisimulia, chakula cha mchana hakijui. Uvimbe wa ubongo wa mbele, nyuma ya paji la uso, ndio hadaa kubwa, kwani mtu huongea sawasawa ila ari imezimika.

Kiharusi huja ghafla. Uvimbe kwa kawaida huzidi wiki baada ya wiki. Kauli ikikatika dakika moja au mbili kisha ikarudi, huenda ni kifafa, hata kama hakuanguka.

Ndugu, mkitaka kumpima nyumbani, mpeni maneno matatu (embe, treni, shoka), myaulize baada ya dakika tano. Mwonyesheni saa, kisha mkanda wake, ataje. Ataje miezi kutoka Desemba kurudi nyuma. Mtumie lugha aliyokulia pia: aliyekulia Kisukuma akipimwa kwa Kiingereza pekee huonekana mgonjwa bure, na mwenye lugha mbili huweza kuumia moja zaidi. Andikeni tarehe za mabadiliko mkampe daktari.

Jambo la mwisho ni dawa ya deksamethasoni. Sehemu ya tatizo husababishwa na maji yanayojaa kuuzunguka uvimbe, na dawa hii huyapunguza. Kauli huweza kurudi ndani ya siku chache. Hapo ndipo ndugu hudhani amepona, wakaiacha. Ikikatwa ghafla ni hatari, kwa sababu mwili umeshapunguza kutengeneza homoni yake yenyewe. Hupunguzwa taratibu, kwa ratiba ya daktari. Hunyima usingizi ikimezwa jioni, na hupandisha sukari, kwa hiyo mwenye kisukari apimwe mara kwa mara.

Wauguzi wa wagonjwa wa ubongo,
Dar es Salaam