Mume wangu anasema sijui kuhesabu

Shikamoo shangazi,

Sasa hivi ni saa kumi kasoro usiku na naandika kwa simu nikiwa jikoni, taa nimeizima ili nisimwamshe mtu. Nimetoka kuhesabu sahani mara ya tatu kwa tochi. Nimezihesabu kumi kumi, nikarudi nikazihesabu tano tano, halafu nikazihesabu moja moja kama mtoto wa chekechea, na kila mara zinakomea 178. Zinapaswa kuwa 200. Kwa hivyo tafadhali, kabla hujaendelea kusoma, usiniambie labda nimehesabu vibaya. Hilo nimeshaambiwa.

Wewe unayajua mambo ya vyama vyetu. Tulianza tukiwa wanawake 14 hapa Umoja, kila mmoja akitoa 500 kwa mwezi, na badala ya kugawana Disemba kama wengine tukaamua kununua vyombo vya kukodisha. Sufuria tulizinunua Kamukunji kwa wale mafundi wa jua kali, zile kubwa za wali wa matanga. Polepole tukaongeza sahani, vijiko, majagi, viti, hema moja. Mtu akifiwa au akiwa na harusi anakuja kwangu, kwa sababu nyumba yetu ni ya chini na ina stoo iliyoingia chini ya ngazi, mlango wake unafungukia hapa jikoni. Chama hunipa 1,000 kwa mwezi kwa ajili ya hiyo nafasi. Mume wangu hupenda kunikumbusha hiyo elfu moja kana kwamba ndiyo inayotulisha.

Lakini sikuchaguliwa kwa sababu ya stoo tu. Mimi nilikuwa keshia miaka 11 kwenye supamaketi moja hapa jijini hadi ilipofungwa. Kule ukipungukiwa jioni unakatwa mshahara, hakuna maelezo. Katika miaka yote hiyo nilipungukiwa mara moja, shilingi 20, na mpaka leo namkumbuka mteja niliyemzidishia, alikuwa na sweta ya kijani na haraka nyingi. Sasa mtu wa namna hiyo unamwambia hajui kuhesabu?

Vijiko sivitaji. Kijiko kikienda matangani kinaweza kurudi nyumbani kwa mtu kwenye mkoba, na yeyote anayekodisha vyombo huweka dazeni moja au mbili za akiba. Likapotea jagi, nikanyamaza. Mwezi wa tano zikapotea mifuniko miwili. Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi, maana ni nani huyo anayeiba mfuniko na kuacha sufuria? Mwezi wa saba sufuria yenyewe ikafuata na nikaelewa. Mwizi hatafuti chombo, anatafuta alumini. Sufuria ikishakanyagwa ikabonyea, haina mwenyewe tena, inakwenda kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma vikuukuu na inalipwa kwa kilo. Unakumbuka serikali ilipoipiga marufuku biashara hiyo miezi kadhaa mwaka 2022 kwa sababu ya nyaya na vyuma vya stima? Wakati huo nililalamika, kwa kuwa nilikuwa na karai bovu la kuuza. Leo ningeiunga mkono.

Nilipomweleza baba watoto habari ya sufuria, hakutoa hata macho kwenye taarifa ya habari. Akasema, "Labda ulihesabu vibaya." Sufuria, shangazi! Ya kupikia watu mia! Zilikuwa nne zikabaki tatu. Hata kuku anajua vifaranga wake wanne wakibaki watatu.

Wacha nisizunguke mbuyu. Ni shemeji. Ndugu mdogo wa mume wangu alikuja kwa wiki mbili za kutafuta kazi na sasa ni mwaka wa pili analala kwenye kochi letu. Mchana anabeti kwa simu. Mwezi wa nane akaja na viatu vipya. Nikajiuliza, vimetoka wapi? Nimejizuia sana. Ukiwa mke wa kaka yake mtu, neno moja tu na utasikia limefika kwa mama mkwe kabla ya jioni, likiwa limeongezwa chumvi, kwamba unamnyima mtoto wao chakula. Simnyimi. Ugali anakula kuliko sisi wote.

Siku moja alipokuwa bafuni nilipekua begi lake. Sijivunii hilo lakini ungefanya nini? Nilikuta vyeti vyake vya shule ndani ya nailoni, risiti ya mtumba ya viatu, na kofia ya mjengo ina vumbi la simiti. Kumbe huwa anaenda vibarua na hasemi, labda kwa aibu kwa sababu amesoma. Nilirudisha kila kitu nilivyokikuta. Bado nasema ni yeye.

Kabla ya hapo nilimwambia mama fua apumzike kidogo. Sikumwita mwizi, hilo nataka ulielewe vizuri. Nilimwambia tu kwamba mambo yamekuwa magumu nitamwita. Nilimlipa siku yake yote ingawa nguo zilikuwa chache. Amenifulia miaka sita, na hakuwahi kuniachia sarafu mfukoni bila kuiweka juu ya meza. Huwa anakaa pale nje ya geti na wenzake wakingoja kuitwa. Nikipita ananisalimu kama kawaida, "Mama, niko tu, ukinihitaji." Basi sasa mimi huzunguka kwa njia ya nyuma. Alipoondoka ndipo sahani zilipoanza kupungua, kwa hiyo hesabu yake nayo unaiona.

Kuhusu kufuli. Ya kwanza nilinunua dukani 150, tukawa na ufunguo kila mmoja, mimi na mume wangu. Kijana wa jirani alipoiona akacheka, akachomeka ufunguo wa kwao, ikafunguka. Zile za bei ya chini ndivyo zilivyo, funguo zake zinalingana. Nikaenda nikanunua nzito ya 850. Ilikuja na funguo mbili. Nilipoulizwa wa pili uko wapi nilisema nimepewa mmoja tu. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Lilitoka tu mdomoni. Wa pili niliutia ndani ya Biblia yangu yenye zipu, na wa kwanza ninaufunga kwenye pindo la leso hata nikilala.

Pamoja na hayo yote, leo ni 178.

Msichana wangu wa pili alisema tununue kamera ndogo pale Luthuli, unaiweka juu ya kabati na kuangalia kwa simu. Nilimkatalia vikali mpaka akashangaa. Nilisema ni ghali. Si ghali hivyo. Katibu wa chama naye anasema twende kituoni kwa polisi tuandikishe, tupewe namba ya OB, kile kitabu chao cha matukio, ili wanachama wakiuliza tuwe na karatasi. Jirani wa juu amenipa namba ya mganga aliyebandikwa kwenye nguzo ya stima, anayerudisha vilivyoibwa na wapenzi waliopotea kwa bei moja. Mimi ni mtu wa kanisa. Niliipokea karatasi kwa adabu nikawashia jiko.

Nilichofanya mimi ni kutia alama. Nilichukua rangi ya kucha ya binti yangu, nyekundu, nikaweka nukta ndogo chini ya kila sahani, karibu na ukingo. Hakuna aliyejua. Wiki iliyopita nilishuka Mutindwa kununua mboga, nikaingia kibanda kimoja kunywa chai. Nikaletewa maharagwe na chapati. Nilipomaliza nikaigeuza sahani.

Mwenye kibanda ni mama wa heshima, mwenye maneno mengi, ningemuuliza tu angenieleza amezinunua kwa nani, mrefu au mfupi, siku gani. Sikumuuliza. Nililipa nikasahau hata mboga zangu, ikabidi nirudi. Nilipokwenda tena bado sikumuuliza.

Halafu juzi nikamwita fundi aje anitazamie mlango. Alitazama kufuli yangu ya 850 akaisifu. Kisha akagusa komeo, akaniambia, "Mama, hii kufuli ni nzuri lakini umeifunga kwenye kitu kinachofunguka. Skrubu zote ziko nje. Mtu hahitaji ufunguo hapa, anahitaji bisibisi, anatoa nne, anachukua anachotaka, anazirudisha." Akamulika na tochi. Vichwa vya skrubu vilikuwa vimekwaruzwa, vinang'aa. Akasema dawa yake ni kutoboa mlango na kupitisha bolti hadi ndani, nati zikae upande wa stoo, au achomelee komeo kwenye fremu ya chuma. Na bawaba zigeuzwe, kwa sababu hata hizo pini zake ziko nje. Anataka 1,500 na vifaa vyake.

Bisibisi nyumbani kwetu ni moja. Iko chumbani kwetu juu ya kabati la nguo, ndani ya kitambaa cha flana, tangu tuoane. Jana niliishusha. Ilikuwa imefungwa vizuri na fundo ni lile lile la siku zote. Nikairudisha. Shemeji haingii chumbani kwetu, hapo lazima nimtetee, ni kijana aliyelelewa.

Lakini usinielewe vibaya. Mume wangu ni mtu mzuri. Yuko kwenye godauni moja kule Industrial Area miaka mingi, na tangu mwezi wa tatu wamewapunguzia kazi, badala ya siku sita wanaingia tatu. Wenzake wengine wamehamishia familia mashambani. Yeye pesa ya matumizi ananipa ile ile, kila Jumamosi, haijapungua hata shilingi. Karo ya msichana muhula huu ilitoka. Sikuwahi kuketi nikapiga hesabu hiyo, na wala sina haja. Ninachouliza ni habari ya stoo.

Na kile kinachonichoma zaidi si sahani. Sahani 22 nitazilipa kutoka mfukoni kidogo kidogo, zinapatikana Gikomba zinazofanana, na wanachama hawatajua. (Katibu atajua.) Kinachonichoma ni kwamba alinitazama machoni, mimi, akaniambia sijui kuhesabu. Mara ya kwanza ilikuwa sufuria. Juzi nikamwambia sahani hazitoshi na Jumamosi hii binti wa mwenyekiti analetewa mahari, wameomba zote 200. Akacheka kidogo, akanishika bega kwa upole kabisa, akasema, "Mama watoto, umechoka. Unahesabu ukiwa umechoka." Ningetaka anipige kelele. Ule upole wake umeninyima usingizi siku tatu.

Wakati mwingine nafikiri nirudishe vyombo vyote kwa chama, niseme mgongo unauma, wakaweke kwa mtu mwingine. Halafu nasema la, nikivirudisha nitakuwa nimekiri kwamba hesabu ilinishinda. Nafikiri pia nimwite mama fua arudi, ila nitamwambia nini? Akirudi nitakuwa nimesema si yeye, na kama si yeye, na begi la shemeji nimeshaliona, basi watu wa nyumba hii wanazidi kupungua.

Fundi anakuja Ijumaa saa nane mchana. Nimeamua bolti zipite hadi ndani. Kufuli mpya niliyoichagua ina funguo tatu. Mmoja ni wangu. Wa pili katibu amesema lazima ukae kwake, hilo ni sawa. Jana usiku, wakati wa kula, baba watoto alinijia na swali, tena kwa sababu nzuri, stoo ikishika moto na wewe huko sokoni tutafungua na nini? Shemeji akasema kweli. Watoto wakasema kweli. Nikasema nitaona.

Shangazi, huo ufunguo wa tatu nimpe?

Mama Vyombo,
Umoja, Nairobi